Mashine ndogo ya kunyolea, duka la vifaa vya saluni Mwanjelwa, Mbeya

Niliinunua mwezi wa nne kwa shilingi 28,000. Anaitumia mwanangu wa miaka 16, mwenye usonji na chunusi nyingi mashavuni.

Kabla ya hapo nilimpeleka kwa kinyozi. Redio juu, watu wanaongea, na kinyozi mwenye haraka akapitisha wembe juu ya chunusi zilizoiva. Damu ikatoka. Mwanangu alijifunika taulo kichwani, na kwa wiki kadhaa hakutaka mtu amguse uso. Iliniuma sana. Daktari wa ngozi akatushauri tuachane na wembe kwanza: nywele zetu za kujikunja zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha huota zikarudi ndani, na vipele vya ndevu vinaongezeka juu ya chunusi. Mashine hubakiza kidogo.

Muuzaji wa pale ni kijana tu. Nilipomweleza shida yetu alizima redio, akampa mwanangu mashine ikiwa haijawashwa. "Mdogo wangu, ishike tu." Akaishika, akaiwasha, akaiweka kiganjani, akaizima. Akarudia mara kumi na mbili, nilihesabu. Wateja wawili walikuwa wanangoja, na yule kijana hakumharakisha hata kidogo. Kwa hilo tu ningemlipa zaidi.

Mashine yenyewe inavuma taratibu, sauti haipandi wala haishuki, na ina kitufe kimoja. Kwa mwanangu, sauti inayobadilika ghafla ndiyo inayomtesa. Ubaya wake: kuna taa nyekundu inayomweka chaji ikipungua, akaitupa kitandani siku ya kwanza alipoiona. Nimeiziba kwa plasta. Maelezo ndani ya boksi ni ya Kichina, na kichana kidogo kilivunjika jino ndani ya mwezi. Ukiikandamiza juu ya chunusi kubwa inakwaruza, kwa hiyo hizo tunazizunguka, nywele zibaki.

Kujifunza kulichukua wiki sita. Mjomba wake alijinyoa mbele yake, nikapiga picha kila hatua, nikaziprinti steshenari na kuzibandika pembeni ya kioo: nawa kwa maji ya vuguvugu, kausha kwa kugandamiza taulo bila kusugua, washa, nyoa, zima, piga brashi, pangusa kisu kwa spiriti. Mwanzoni alinyoa mkono wake tu. Kilichokuwa kigumu ni kumfundisha kufuata nywele zinakoelekea, maana neno "uelekeo" halikumwambia kitu. Lakini anapenda daladala kuliko chochote. Basi tukatumia vituo vya daladala vya huku kwetu: tukakubaliana sikioni ni Uyole, katikati ya shavu ni Mama John, kidevuni ni Kabwe. Gari linatoka Uyole kwenda Kabwe, halirudi kinyumenyume. Likifika, unalinyanyua na kuanza safari nyingine. Tangu siku hiyo hajakosea. Jumapili alifunga mlango akanyoa peke yake, nikamsikia ndani anaita, "Kabwe, mwisho wa gari!"

Mwezi wa sita baridi ya huku kwetu ilitusumbua: chuma kikimgusa anaruka. Sasa anakifumbata kiganjani kwanza, bado hajaiwasha. Dawa ya chunusi, ile ya benzoili peroksaidi, anapaka usiku, si mara tu baada ya kunyoa, maana inawasha. Na inachujisha rangi, nimeshapoteza mashuka mawili. Mpe taulo jeupe.

Mjomba aliomba kuiazima nikamkatalia. Mashine ya ngozi yenye vidonda ni ya mtu mmoja.

Nyota nne. Ukienda na mtoto, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, soko halijachangamka. Garantii ni ya mdomo tu, lakini mimi nilirudi na kile kichana kilichovunjika, yule kijana akanibadilishia bila maneno.