Matairi ya Jaguar E-Type ya miaka ya 1960: lipi la kununua kwanza

Kabla ya kuulizia chapa, angalia saizi. E-Type ya 1961, gari la michezo la Jaguar, ilitoka kiwandani Coventry, Uingereza, ikiwa na Dunlop RS5 za krosipilai (nyuzi za ndani hupishana kimshazari), saizi 6.40-15, kwenye rimu za spoki za upana wa inchi 5. Baadaye zikaja rediali (nyuzi hukata moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu) za 185-15, yaani upana wa mm 185 kwa rimu ya inchi 15. Hizo ndizo saizi halali kwa Series 1 na 2, matoleo mawili ya kwanza ya gari hili. (Series 3 ya silinda 12 ilivaa E70VR15; hiyo ni habari nyingine.) Saizi ya 185-15 isiyotajwa profaili (kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana) si tairi fupi: ubavu wake ni takriban asilimia 80 ya upana.

1. Pirelli Cinturato CA67, 185VR15. Kwa gari linaloendeshwa, anzia hapa. Kashata (mikato ya uso wa tairi) ni ya enzi ileile, na daraja lake la kasi, V, linafika km 240 kwa saa. Gari lilitangazwa kufika maili 150, yaani km 241. Hiyo kilomita moja hakuna atakayeidai. Ubaya wake ni bei.

2. Michelin XVS, 185HR15. Laini na tulivu barabarani. Daraja H huishia km 210, kwa hiyo lina upungufu kwa atakayelibana gari kwenye barabara kuu za Ujerumani. Wengine halitawabana.

3. Vredestein Sprint Classic, 185R15. Nafuu kuliko hayo mawili, nalo ni daraja H. Sura yake ni ya kizamani lakini si nakala ya tairi la asili, na jaji wa maonyesho atalijua kwa mbali.

4. Dunlop RS5, 6.40-15. Kwa maonyesho halina mpinzani. Barabarani hufuata kila mfereji wa lami na kuyumbisha usukani, na gari likiegeshwa muda mrefu, tairi hukaa bapa upande wa chini na kutetema mpaka lipate joto. Upepo wake ni psi 23 mbele na 25 nyuma kwa mwendo wa kawaida. Rediali huhitaji zaidi, kwa hiyo usinakili namba hizo.

Usinunue 195/65R15 eti kwa kuwa limejaa madukani. Kipenyo chake ni kama mm 634, ilhali 185-15 inakaribia 680. Spidomita itakudanganya kwa takriban asilimia 7, injini itazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na gari litaonekana limechutama. Nairobi na Dar utaonyeshwa pia 195R15C, tairi la Hiace. Linaingia kwenye rimu, lakini ubavu wake umejengwa kubeba mzigo mzito. Gari litarukaruka na kushika barabara vibaya.

Kinachoua matairi haya mapema mara nyingi ni ufungaji. Rimu ya spoki haizibi upepo, kwa kuwa vichwa vya spoki vimepenya hadi ndani. Tyubu ni lazima, hata kama tairi limeandikwa halihitaji tyubu. Agiza tyubu ya rediali ya saizi hiyo na utepe wa rimu, vyote vipya. Kabla ya kufunga, fundi apitishe kidole kwenye kila spoki na kusaga inayochomoza, abandue stika zote ndani ya tairi (stika ndogo husugua tyubu mpaka itoboke), kisha apake poda ya talki. Ajaze upepo kidogo, autoe wote ili tyubu ijinyooshe, ndipo ajaze tena. Akiruka hatua hiyo, mkunjo unabaki ndani na pancha itakuja barabarani, tena ya ghafla.

Soma tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Namba tatu tu maana yake tairi ni la kabla ya 2000, na hilo ni la kupamba ukuta hata kama halijawahi kugusa lami. Ukiagiza kwa wauzaji kama Longstone au Vintage Tyres, Uingereza, au Coker, Marekani, omba tarehe hiyo kwa maandishi kabla ya kulipa.

Nunua matano, la akiba likiwa la aina ileile. Rediali na krosipilai hazichanganywi kwenye ekseli moja, na rediali mbele na krosipilai nyuma ni hatari zaidi: kwenye kona mkia wa gari hutangulia.