Mashine ya Kufulia kwa Nyumba ya Sola: Ipi Itangulie

Anayetegemea paneli za sola na ajue jambo moja kabla ya kuingia dukani: kinachomaliza betri ni hita iliyomo ndani ya mashine, wala si kuzunguka kwa pipa. Mota ya kisasa inapofua hutumia wati mia mbili au tatu, ilhali hita peke yake huvuta karibu wati 2,000. Niliwahi kufulia kwa nyuzi 60 kwenye inveta yangu (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani) ya wati 1,500, hapa Kigamboni. Pipa lilizunguka vizuri dakika chache, hita ikashika, nyumba nzima ikazimika pamoja na friji. Tangu siku hiyo huigeuza mashine kwanza nikasoma kibandiko cha nyuma.

Nafasi ya kwanza naipa mashine inayofunguka mbele, ya kilo 7, yenye mota ya inveta (mota ambayo kasi yake huongozwa kielektroniki, si inveta ya sola) na programu ya maji baridi au ya nyuzi 20. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 25 hadi 60 hula takriban uniti 0.6, ukifua kwa baridi, mara nyingi hufikishi hata robo ya uniti kwa fua nzima. Maji ya simtank nyeusi katika joto la Dar es Salaam huwa tayari yamepita nyuzi 20, kwa hiyo hita hupumzika yenyewe. Jina la Eco lisikupoteze, kwa kuwa programu hiyo bado hupasha maji, ingawa kwa kiasi. Mashine hii hutaka pia msukumo wa maji: tangi likae juu kama mita tano kuliko mashine, la sivyo utaongeza pampu.

Ya pili ni ile ya mapipa mawili, ambayo kwa mwenye sola ndogo naihesabu kuwa ndiyo ya kwanza. Haina hita, hujazwa kwa ndoo, na mapovu yaliyofua mashuka meupe hufua tena kanga na suruali za kazini. Mota yake, hata hivyo, huvuta umeme mara kadhaa zaidi inapoanza, basi inveta iwe na nafasi ya kutosha na itoe wimbi safi, yaani umeme laini kama wa gridi. Inveta za bei rahisi huifanya mota iungurume na kupata moto.

Otomatiki inayofunguka juu naiweka ya tatu. Nyingi hazina hita, ila humeza lita mia na zaidi kwa fua moja, na kwa mwenye kisima maji hayo yamepandishwa na pampu inayotumia betri zilezile.

Yenye kikaushio ndani sishauri kabisa, maana kamba ya kuanikia inatosha. Mtumba wa Japani nao ni wa volti 100, ilhali umeme wetu ni wa 230.

Yoyote utakayochukua, anza kufua saa nne asubuhi, ili ukamuaji wa mwisho ukute paneli bado zina nguvu na betri zikijaa kwa ajili ya usiku.