Pakiti ina picha ya nyuki, nyuki mwenyewe hayumo

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, ila leo asubuhi nimepita tena karibu na yale maua ya merigoldi niliyouziwa eti ya kuita nyuki, na hasira zimepanda upya.

Nina maboga. Anayelima maboga anajua: ua dume liko kivyake, ua jike kivyake, na pasipo nyuki wa kuhamisha chavua, kaboga kachanga kanageuka njano, kanalainika, kanadondoka. Msimu uliopita yangu yalidondoka karibu yote. Nikashauriwa nipande maua ya kuita nyuki, nikaenda duka moja la pembejeo hapa Arusha nikachukua pakiti ya mchanganyiko wa maua ya porini "rafiki kwa nyuki". Bei siitaji, mume wangu asije akaisoma.

Mbele kuna nyuki mkubwa, amenona. Nyuma hawajaandika ni maua gani yaliyomo.

Mbegu kuota zimeota, siwezi kusingizia. Mvua za vuli zilipoanza nilichanganya na mchanga mkavu zisirundikane, nikazitawanya juu ya tuta na kuzigandamiza kwa ubao bila kuzifukia, maana zile ndogo sana ukizifukia huzioni tena. Sisimizi walijichukulia kodi yao, zilizobaki zikatoka.

Kasheshe ilikuja kwenye kuchanua. Nusu ya tuta, kama si zaidi, ni merigoldi za petali tele, zile za kupambia kumbi za harusi. Ua la aina hiyo limechaguliwa na watu kwa uzuri mpaka vile vijiua vya katikati, ambako nyuki anafuata chavua na nekta, vimegeuka petali. Nimekaa na chai yangu nikiwatazama: anatua, anapapasa, hakuna mlango, anaondoka zake. Huku kivumbasi kilichojiotea kwenye uzio wa jirani, ambacho hakuna aliyekilipia hata senti, kinavuma nyuki kutwa nzima!

Nikarudi dukani na ua mkononi. Wala sikufuata hela yangu, nilitaka tu waambiwe wanaofungasha. Kijana wa kaunta macho yote kwenye simu, shikamoo yenyewe sikuipata.

"Mama, sisi tunauza mbegu. Nyuki hatuuzi."

Nikamwonyesha picha kwenye pakiti.

"Hiyo picha tu, mama. Sabuni nayo ina picha ya mtoto, umeshamkuta mtoto ndani?"

Wateja wakaangua kicheko. Kusema kweli angeambiwa mtu mwingine ningecheka na mimi, lakini nimeambiwa mimi, mbele ya watu, na mtoto ninayeweza kumzaa. Nilitoka pale nikiapa kwamba hii pakiti ni wizi mtupu, na wiki nzima kila aliyekuja nyumbani nilimwambia hivyo.

Sasa shida ni kosmosi, maua mengine ya pakiti hiyo hiyo. Zilichelewa, zikachanua nyuma ya merigoldi, pinki na nyeupe, zile unazoziona zimejiotea kando ya barabara huku nyanda za juu. Ua lake lina petali chache na katikati pamejaa chavua wazi. Nyuki wamelivamia, na wale wadogo wasiouma pia. Maboga kadhaa yameshika. Ni kosmosi au ni kivumbasi cha jirani? Sijui, na yule kijana ndiyo kabisa.

Kwa hiyo wizi mtupu naufuta. Wizi nusu. Mkiinunua, ng'oeni merigoldi mapema mziachie kosmosi nafasi, na mrehani wenu wa jikoni msiukate wote, acheni matawi mengine yachanue.

Mbegu za kosmosi zimekauka, nimeshazikung'uta kwenye bahasha ya kaki, kwa hiyo pale dukani sina cha kufuata tena. Labda mbolea tu, maana wale wa ng'ambo ya barabara wanauza ghali mno. Nitamtuma binti.