Mbio za Menengai au mazoezi ya kikundi, kuruti wa polisi afanye gani?
Vijana wengi hapa Nakuru wakingoja kuingia chuo cha polisi cha Kiganjo wanashika mbio tu, asubuhi wanapanda mlima Menengai, na kwa pumzi kweli hakuna kama hiyo, ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kifua kinafunguka na mawazo yanapungua. Lakini mbio pekee hazijengi mabega. Kikundi sasa, pushapu, skwoti, kubebana mgongoni, unapata nguvu na pia watu, usipotokea mtu anakupigia simu kujua uko aje, na kazi ya polisi vile iko na presha hiyo ni kitu kubwa sana jamani. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku 2 za nguvu, so mimi nasema anza na kikundi, Menengai iwe wikendi.