TAHADHARI: Wanaojiandaa kupanda mlima, hizo themo za "sufu ya merino" zinazouzwa hapa Dodoma sio sufu

Habari zenu wadau. Nimekaa wiki nzima nitulie kwanza ndo niandike, maana hasira zilikuwa nyingi. Kuna mtu anauza themo hapa Dodoma, zile nguo za kubana unavaa chini kabisa kabla ya sweta na jaketi, anazirusha stetasi na kwenye magrupu, anasema ni sufu ya merino asilimia mia, yaani manyoya laini ya kondoo wa aina ya merino, seti ya juu na chini elfu 85. Sio sufu. Jina sitaji, hata nikitaja halitawasaidia maana akaunti na namba anabadilisha, bora mjue anavyofanya.

Tulikuwa watu sita wa ofisini, safari ya kupanda mlima Hanang mwezi wa saba. Sisi wa Dodoma tunaijua baridi ya Juni na Julai na ule upepo wake wa asubuhi, lakini mjini hapa tuko kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na Hanang inafika kama mita 3,420, na kila ukipanda mita elfu moja joto linapungua kama digrii sita hivi, piga hesabu mwenyewe halafu ongeza na upepo. Kwahiyo nikasema mimi na mdogo wangu hapa tusibane hela, tununue kitu cha uhakika. Laki na sabini ikatoka.

Dalili zilikuwepo na niliziona. Nilimuomba picha ya ile lebo ndogo ya ndani inayoandikwa nguo imetengenezwa na nini na inafuliwaje, akanitumia picha ya kutoka intaneti, ina maandishi ya Kichina pembeni. Nikamwambia basi nije dukani nizione, akasema dada duka tunahamisha, zimebaki seti tatu na kuna mteja wa Iringa Road ameshaziulizia, we tuma hela boda anakuletea sasa hivi. Jina lililotokea kwenye namba ya kulipia likawa sio lake, akasema la shemeji yake. Nikatuma. Boda akaleta mfuko umezibwa vizuri, yeye wa watu hajui chochote, kapewa mzigo alete. Nikaishika nguo, laini, nzito, ndani ina manyoya manyoya, nikajua hapa nimepata. Na hapo ndo wengi tunapokosea jamani, tunadhani nguo ikiwa nzito na ina manyoya basi mlimani itakupa joto.

Tulianzia Katesh kwa njia ya Jorodom, asubuhi na mapema. Kule chini jua likitoka ni kali, mnapanda, jasho linatiririka, baada ya saa tatu fulana imeshalowa imenigandia mgongoni. Mishono ya mabegani nayo ni minene, mikanda ya begi ikawa inaikandamiza pale pale, mpaka jioni nimechubuka pande zote mbili. Lakini hayo madogo. Tumefika pa kulala jua limezama, upepo umeanza, fulana bado mbichi kabisa, na mdogo wangu akaanza kutetemeka meno yanagongana, namuuliza kitu anajibu maneno hayaeleweki. Sijawahi kuogopa vile. Mzee aliyekuwa anatuongoza hakupoteza muda, akasema avue hiyo nguo yote, akamvalisha fulana yake kavu ya mazoezi ya mtumba na sweta juu, akamuingiza kwenye slipingi begi, tukampa chai ya moto kidogo kidogo. Alipotulia ndo mzee akaichukua ile fulana akaisugua na vidole, akaniambia, "Mwanangu, hii ina pamba. Pamba ikishakunywa jasho hailiachii."

Ndo kitu chenyewe hicho wadau. Pamba inanyonya jasho na inakaa nalo, ukisimama tu kupumzika lile jasho linakupoza mwili. Sufu nayo inanyonya, tena nyingi tu, karibu theluthi ya uzito wake, ila ngozi haisikii umajimaji na joto inaendelea kulitunza, tena hainuki upesi. Poliesta zile za mazoezi hazinyonyi sana, zinatawanya jasho linakauka haraka, ubaya wake ni harufu siku ya pili. Yoyote kati ya hizo mbili inakufaa. Ikae mwilini bila kukukaba, mishono iwe bapa, na iwe ndefu kiasi cha kuchomekea ili mgongo usibaki wazi ukiinama.

Nimerudi nyumbani nikachomoa nyuzi chache kwenye pindo, nikazishika na kibanio, beseni la maji pembeni, nikaziwasha. Sufu ya kweli inaungua kwa shida, ukiitoa kwenye moto inazima yenyewe, inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole. Pamba inawaka kama karatasi. Poliesta inayeyuka inaacha kitonge kigumu. Zangu zikawaka kama karatasi, zikaacha na vitonge, harufu ya nywele hakuna kabisa. Ni pamba na poliesta, tena zimeandikwa merino kwenye shingo.

Nikamtumia video. Akajibu nguo ya ndani ikishavaliwa hairudishwi, halafu akanibloku. Juzi rafiki yangu kaniletea tangazo la akaunti nyingine, jina jingine, bei imeshuka mpaka elfu 75, picha ni zile zile zimepigwa juu ya zulia jekundu lililochanika kona. Ukiliona hilo zulia ndo huyo huyo.

Kwahiyo akikwambia ulipe kwanza, mwambie alete uishike, usome lebo, uchomoe uzi, ndo hela itoke. Akikataa achana naye. Namba yake mimi nimeshairipoti kwa kuituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na wewe kama ulishalipa fanya hivyo, meseji na muamala usifute maana polisi watakuuliza hivyo hivyo. Na kama hela ya sufu haipo, nenda Sabasaba kwenye mitumba, tafuta fulana za mazoezi za mikono mirefu, soma lebo ya ndani iwe imeandikwa polyester, mimi nimepata mbili kwa elfu 12 na nimeshazijaribu kwenye mvua, zinakauka.

Ile seti ya merino ya uongo sijaitupa. Nipo Area C, kuna watu wanaondoka kwenda Hanang mwisho wa mwezi huu, anayetaka kuishika ili ajue inavyodanganya mkononi aniandikie inboksi aje aione kabla hajatuma hela yake.