Daktari wa paka wa kuja nyumbani: uzoefu wangu na shume wetu mzee

Nianze na lililo muhimu: ukitaka paka aliyeharibika figo apone, huduma hii haitakufaa, wala nyingine yoyote. Figo za paka mzee zikishakwenda hazirudi. Lakini ukitaka amalizie siku zake pale alipozoea, bila kutiwa kikapuni na kupandishwa tuktuk akilia njia nzima, hapo nina la kusema.

Shume wetu alikuwa na miaka 17. Sisi tunakaa Mji wa Kale, Mombasa. Alianza kunywa maji kupita kiasi, akakonda hadi uti wa mgongo ukawa wahesabika, kisha akaacha kujilamba, manyoya yakashikana vishungi. Daktari alimtoa damu pale pale mkekani, na majibu yakathibitisha kuwa ni figo. Mamangu akauliza kama ampe Panadol kidogo ya maumivu. Daktari karibu aruke! Hata nusu kidonge chaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo.

Pesa yangu naona ilifanya kazi hapa: alitufundisha kumtia maji ya dripu chini ya ngozi sisi wenyewe. Unaweka mfuko kwenye karai la maji ya moto mpaka upate uvuguvugu, unautundika kwenye msumari, unavuta ngozi ya mabegani ikae kama hema, sindano inaingia. Mililita 100 hivi, kwa kipimo alichoandika daktari. Inabaki nundu laini ambayo baadaye huteremka mpaka mguu wake wa mbele; usiogope, mwili huyanywa maji hayo polepole. Baada ya hapo shume alikuwa akiinuka na kwenda kwenye bakuli lake, jambo ambalo alikuwa ameliacha kabisa. Samaki changu wa kuchemshwa, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka), akipewa angali wa moto ili anuse. Chakula maalumu cha figo tulichouziwa kwa bei ya kutisha hakukitia hata ulimi. Kimeliwa na paka wa mtaa.

Malalamiko yangu ni mawili. Daktari haji kwa wakati. Akisema asubuhi, wewe pika chakula cha mchana. Tena bei ya kuja ni moja, na sindano, mfuko na mpira wa dripu vinahesabiwa kando, jambo ambalo hakulitaja kwenye simu.

Habari ya kumlaza, yaani kumuua kwa sindano asiteseke, daktari aliieleza vizuri, bila kutusukuma: kwanza sindano ya usingizi, akishazama ndipo ile ya kusimamisha moyo, na macho hubaki wazi. Mama alikataa. "Mwanangu, mimi nitamngoja," alimwambia daktari. Naye hakubishana, alituachia dawa ya maumivu ya paka na kutuonyesha dalili za mateso: kuhema mdomo wazi, kulia bila kunyamaza, kutetemeka mwili. Zikija, tumpigie saa yoyote. Hazikuja. Shume alikufa alfajiri, karibu na jiko, pale sakafu inapokaa na joto.

Ningemwita tena, ila ningeuliza mapema kama bei ni pamoja na vifaa, na ningenunua mifuko ya dripu mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo. Mpira mmoja pia si wa kutumia siku zote. Ubadilishe, na sindano iwe mpya kila mara.