Springi ngumu za klachi kwa pikipiki ya milimani: uzoefu wangu wa miezi saba

Nabeba mboga kutoka mashambani hadi soko la Lukozi, huku juu Lushoto. Pikipiki yangu ni ya Kihindi, cc 150, na mzigo wa kawaida ni kilo 100 za kabichi au karoti. Njia ni udongo mwekundu. Masika ikiingia, kuna vilima ambavyo ukisimama katikati huondoki tena mpaka usukumwe.

Mwaka jana klachi ilianza kuteleza. Tambarare sikuhisi kitu. Mlimani, gia ya pili, nikiongeza mafuta injini inalia kwa nguvu lakini mwendo ni uleule, halafu inakuja harufu ya kuungua. Siku moja ilinigomea kabisa, nikashusha kabichi zote na kuzipandisha kichwani, fungu baada ya fungu, mvua ikininyeshea.

Fundi wa kwanza aliweka washa, yaani vipete vya chuma, chini ya kila springi ili zibane zaidi. Zilibana kweli, ila zikakosa nafasi ya kusogea, kwa hiyo hata nikivuta mkono wa klachi mpaka mwisho pleti, yaani visahani vya klachi vinavyobanwa na springi, haziachiani. Gia zikawa zinaingia kwa kishindo, na frii (gia huru) haipatikani injini ikiwaka. Nilivumilia wiki mbili nikazitoa. Simwombei mtu afungiwe washa.

Fundi wa pili aliniruhusu nikae naye tukifungua kava. Pleti za koki tulizipima unene kwa venia (kifaa cha kupimia): milimita 2.5, wakati mpya zilisoma 3. Zile za chuma zilikuwa na madoa ya bluu, alama ya joto kali. Springi za zamani tukizisimamisha karibu na mpya zilikuwa fupi kwa macho tu.

Kisha akaniuliza naweka oili gani. Nilikuwa naweka ya magari. Hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu klachi hii inazunguka ndani ya oili ileile ya injini, na oili nyingi za magari zina viambato vya kupunguza msuguano. Injini inanufaika, pleti zinateleza. Sasa natafuta maandishi JASO MA kwenye chupa, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki kama hii, nisipoyaona narudisha.

Tulifunga pleti mpya seti nzima, zikiwa zimelala usiku kucha kwenye oili, pamoja na springi nne ngumu: urefu sawa na za asili, waya mnene zaidi. Bolti tulikaza kwa msalaba, kidogo kidogo, maana zinaingia kwenye alumini na ukitumia nguvu uzi wa tundu unakatika. Vifaa, gasketi, oili na ufundi vilinigharimu shilingi 62,000.

Tofauti niliiona kilima cha kwanza. Nikiachia klachi, tairi la nyuma linapokea nguvu palepale, na kwenye matope naweza kupanda polepole gia ya kwanza bila kushikilia nusu klachi, ambayo ndiyo iliyokuwa inaziunguza pleti zangu. Miezi saba sasa, harufu ile sijaisikia tena.

Mkono wa kushoto ndio unaolipa. Klachi imekuwa nzito, na siku za soko vidole vinauma hadi usiku. Waya wa klachi ulikatika mwezi wa nne nikiwa porini, tangu hapo natembea na wa akiba chini ya kiti. Waya huo huachiwa mchezo (ulegevu) kama milimita 10 kwenye ncha ya mkono wa klachi; ukiukaza bila mchezo, klachi inateleza hata kama springi ni mpya. Anayebeba abiria mjini, akisimama na kuondoka kutwa nzima, simshauri springi ngumu. Pleti mpya na oili sahihi zitamtosha.

Kilichobaki kwangu ni sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo. Nina ya meno 14, nataka 13. Nitapoteza mwendo kidogo barabara ya lami kushuka Soni, lakini mlimani klachi itapumua zaidi, na mimi mkate wangu uko mlimani.